Jembe Si Adhabu

Katika shule nyingi za nchi hii, mwanafunzi akichelewa kufika au akipatikana anapiga kelele wakati wa masomo ya jioni, hupewa jembe. Huamriwa kulima kipande kilicho nyuma ya bweni, au kung'oa kisiki, na wenzake humpita wakimcheka kwa kuwa miguu yake imejaa udongo. Desturi hii ni kongwe, na wanaoitetea husema kuwa imewanyosha wengi. Mimi ni mwalimu, nami nasema bila kificho kuwa ni desturi mbaya. Si kwamba kazi ya jembe yaumiza. Kazi haijamdhuru mtu mwenye afya. Ubaya wake umo katika fundisho ambalo hakuna mwalimu aliyelikusudia, lakini kila mtoto hulielewa: kwamba udongo ni mahali pa mkosaji, na kwamba aliye mwema hukaa darasani mikono yake ikiwa safi.

Mtoto aliyelelewa hivyo hufungua kitabu cha baiolojia akasoma habari za viuavijasumu, yaani dawa zinazoua bakteria wa maradhi. Husoma kuwa mwaka 1928, mjini London, Alexander Fleming aliona ukungu umeingia katika sahani yake na kuua bakteria waliokuwamo. Huinakili habari hiyo, huikariri, huijibu katika mtihani, akapata alama zake. Sina ugomvi na Fleming, na penisilini imewaokoa watu wasiohesabika. Ugomvi wangu ni juu ya kisa hicho kimoja kuachwa kisimame mahali pa elimu nzima. Humwambia mtoto kuwa dawa huja kwa bahati, tena kupitia dirisha la chumba cha mtaalamu wa Ulaya. Hakimwambii kuwa zaidi ya nusu ya viuavijasumu vilivyotokana na viumbe havikutoka katika ukungu wa Fleming wala jamaa zake. Vilitoka kwa bakteria wa udongoni, katika uchafu ule ule ambao mtoto alitumwa kuulima ili aone haya.

Tazama mifano michache. Kloramfenikoli ilitokana na bakteria wa udongo wa karibu na Caracas, Venezuela. Vankomisini ilitokana na udongo wa msitu wa Borneo, uliopelekwa Marekani na mmisionari. Rifamisini, mama wa rifampisini, ilipatikana katika udongo uliochotwa mwaka 1957 kwenye msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa. Hakuna hata mmoja wa udongo huo uliokuwa na alama juu yake kusema kuwa hapa pana hazina. Ulikuwa udongo tu, kama ule ulio chini ya dirisha la darasa lako.

Wengi wa bakteria hawa ni wa ukoo uitwao Streptomyces. Hawaonekani kwa macho, lakini wewe msomaji umewajua kwa pua tangu utotoni. Ile harufu tamu inayopanda mvua ya kwanza inapoipiga ardhi iliyokauka hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali iitwayo jiosmini, nao ndio watengenezaji wake wakuu. Basi mtu asemaye kuwa habari hizi ni za mbali na zamhusu Mzungu, hana budi kwanza aeleze kwa nini pua yake hufurahi mwezi wa Machi.

Mmoja wa watu walioutendea udongo heshima alikuwa mwanafunzi. Jina lake Albert Schatz, na umri wake miaka 23. Alisomea elimu ya udongo kwa nia ya kurudi kulima shamba la jamaa zake. Tarehe 19 Oktoba 1943, katika chumba kilicho chini ya ardhi katika Chuo Kikuu cha Rutgers, jimbo la New Jersey, Marekani, alipata aina mbili za Streptomyces griseus zilizotoa dawa mpya. Aina moja ilitoka katika udongo wa shamba lililotiwa samadi nyingi. Ya pili ilitoka kooni mwa kuku. Dawa hiyo iliitwa streptomisini, nayo ilikuwa ya kwanza ya jamii hii kuweza kumshinda bakteria wa kifua kikuu. Nishani ya Nobel ya mwaka 1952 alipewa mwalimu wake, Selman Waksman, peke yake, ingawa Schatz alikuwa amekwenda mahakamani mwaka 1950 na kupata kutambuliwa kuwa mgunduzi mwenza. Sehemu hiyo ya kisa yafaa isomwe na walimu kuliko wanafunzi.

Wala Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu katika jambo hili. Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alitakiwa ameze dawa kwa muda wa miezi 18, na wengi walichoka njiani wakaziacha, maradhi yakawarudia. Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa na wataalamu wa Afrika Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ndio waliojitolea. Matokeo yalionyesha kuwa streptomisini, isoniazidi na rifampisini zikitumiwa pamoja, miezi 6 yaweza kufanya kazi ya miezi 18. Matibabu mafupi ya kifua kikuu yanayotolewa leo ulimwenguni yamejengwa juu ya vifua vya wagonjwa hao. Na kati ya dawa hizo tatu, mbili ni watoto wa udongo. Ni mwanafunzi gani wa Kenya aliyeulizwa habari hii katika mtihani?

Sasa niingie katika kiini cha ugomvi wangu, maana si dawa zenyewe tu zinazostahili kujulikana, bali namna zinavyotengenezwa. Hapa ndipo adui wa udongo huaibika kabisa, kwa kuwa chembe anayoikanyaga ina maarifa ambayo viwanda vya wanadamu vimeshindwa kuyaiga kwa urahisi.

Mwaka 1954 kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge, David Hopwood, alianza kuchunguza urithi wa Streptomyces coelicolor, bakteria atoaye rangi nzuri ya buluu ambayo yenyewe ni kiuavijasumu. Wakati huo wataalamu walikuwa hawajapatana hata juu ya jambo la kwanza kabisa, kama viumbe hawa ni ukungu au ni bakteria, kwa sababu huota kwa nyuzi nyuzi kama ukungu. Kwa miaka mingi yeye na wenzake walichora ramani ya jeni zake, jeni moja baada ya nyingine, mfano wa mtu anayechora ramani ya mji kwa kupapasa kuta zake gizani. Mwaka 1984 Hopwood na Francisco Malpartida walitangaza jambo la ajabu. Walikuwa wamechukua kipande kimoja cha DNA ya bakteria huyo wa buluu wakakitia katika bakteria wa aina nyingine asiyejua kazi hiyo. Naye akaanza kuitengeneza dawa ile ile.

Maana yake nini? Maana yake ni kuwa jeni zote zinazohitajika kuitengeneza dawa hazikutawanyika ovyo katika urithi wa bakteria. Zimekaa pamoja, bega kwa bega, kama vyombo vya seremala katika kikapu kimoja. Beba kikapu, na umebeba ufundi wote. Humo mna jeni za kutengeneza kila sehemu ya dawa, mna jeni ya kuamrisha kazi ianze, na mna jeni ya kumkinga mtengenezaji asiuawe na sumu yake mwenyewe.

Fikiri juu ya hiyo ya mwisho. Streptomisini huua kwa kuizuia chembe isitengeneze protini zake sawasawa. Streptomyces griseus naye ni chembe, naye hutengeneza protini. Ajiponyaje? Ana jeni ya kimeng'enya kinachoifunga kemikali ya fosfati juu ya streptomisini na kuifanya butu. Jeni hiyo imekaa jirani kabisa na jeni ya amri, hata ngao huanza kufuliwa pamoja na upanga. Tena amri yenyewe haitolewi kiholela. Mwaka 1967 wataalamu wa Urusi ya wakati huo, chini ya A. S. Khokhlov, walieleza kemikali ndogo ambayo bakteria huyu huitoa nje ya mwili wake. Kundi likiwa dogo, kemikali hiyo hupotea bure udongoni. Kundi likiwa kubwa, hujaa na kuwarudia wenyewe, ikawa kama mbiu ya mgambo kuwa sasa tumetosha, kazi ianze. Kiasi kidogo mno cha kemikali hiyo chatosha kuliamsha kundi zima.

Katika yule wa buluu mna kufuli ya namna nyingine, ambayo kwangu mimi ndiyo tamu zaidi. Urithi wa kila kiumbe umeandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C, nazo husomwa tatu tatu kama maneno. Katika Streptomyces coelicolor, herufi G na C ni kama 72 katika kila 100, na kwa hiyo neno TTA ni adimu sana ndani yake. Jeni nyingi za maisha ya kila siku hazilitumii kabisa. Lakini limo katika jeni chache za amri, zile zinazoamsha utengenezaji wa dawa. Molekuli ya kulisoma neno hilo hutoka katika jeni moja tu. Jeni hiyo ikiharibika, bakteria huendelea kuishi na kula, bali hawezi kuotesha manyoya meupe yanayobeba mbegu zake, wala hawezi kutengeneza dawa. Hubaki laini kama kichwa kisicho na nywele, na wataalamu wakaiita jeni hiyo bldA, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kipara. Basi neno moja adimu lenye herufi tatu ndilo ufunguo. Yuko mshairi wetu ambaye angeweza kujivunia hila kama hiyo?

Na kwa nini afungie kufuli? Kwa sababu dawa ni gharama. Chakula kinapokuwapo kwa wingi, bakteria hawa huota nyuzi zao na kula. Kinapokwisha, huzivunja nyuzi za zamani na kuzigeuza chakula cha kulea mbegu zitakazopeperushwa kwenda kwingine. Saa hiyo kuna mzoga uliojaa riziki, na majirani wezi ni wengi. Wataalamu wengi huona kuwa hapo ndipo dawa inapotolewa, kuulinda urithi wa watoto. Ikiwa ndivyo, basi streptomisini iliyowaponya wazee wetu ilikuwa silaha ya mzazi anayekufa.

Mwaka 2002 urithi wote wa Streptomyces coelicolor ulichapishwa: herufi zaidi ya milioni 8.6, na jeni 7,825. Bakteria aitwaye E. coli, akaaye matumboni mwetu, ana jeni 4,300 hivi. Binadamu mwenye kujisifu ana kama 20,000 za kutengenezea protini. Jambo lililowashtua wasomaji si wingi huo. Ni kwamba walihesabu vikapu zaidi ya 20 vya namna niliyoieleza, katika kiumbe ambaye kwa nusu karne nzima ya uchunguzi alikuwa ameonyesha dawa chache tu. Vikapu vingine vyote vilikuwa vimefungwa. Ndugu yake, Streptomyces avermitilis, aliyepatikana katika udongo wa Japani na Satoshi Omura, alionekana kuwa na vikapu 30. Kimoja tu katika hivyo ndicho kilichotupa dawa ya ivermektini, inayowakinga mamilioni ya Waafrika na usubi uletao upofu. Omura alishiriki nishani ya Nobel ya mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Vile 29 vingine vyafanya nini? Baadhi vimekwisha kujulikana. Na hao ni bakteria wawili tu, katika maelfu.

Hapa nasikia sauti ya mtu wa pili, ambaye hamdharau mtu wala udongo. Huyu ana hasira. Husema: yote hayo twayajua, na ndiyo sababu twaibiwa. Hunitajia Ziwa Bogoria. Kweli, mwaka 1992 wataalamu wa Uingereza walichukua vijidudu katika maziwa yetu ya magadi, na baadaye vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya maziwa hayo vikawa biashara ng'ambo, katika sabuni za kufulia na katika kazi ya kupausha nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza hadharani kudai sehemu ya faida. Mtu huyu aweza pia kunitajia Abelardo Aguilar, daktari wa Ufilipino, aliyepeleka udongo wa Iloilo kwa kampuni ya Eli Lilly ya Marekani mwaka 1949. Humo ilipatikana erithromisini, na jina moja la biashara la dawa hiyo, Ilotycin, likatolewa katika jina la mji huo. Aguilar alidai fungu lake hata kufa kwake mwaka 1993, wala hakulipata.

Hasira hiyo ni ya haki, nami sitaidharau. Ni kwa ajili ya hasira kama hiyo mataifa yalifanya mapatano ya mwaka 1992 juu ya uhai wa namna mbalimbali, kisha yakaongeza Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, mwaka ambao Kenya nayo iliithibitisha. Leo mtu hawezi kwa haki kuja kuchota tope la Bogoria na kuondoka nalo bila idhini na bila mapatano ya kugawana faida. Vema. Lakini mtu wa pili hukomea hapo, akadhani kuwa mlinzi akisimama langoni, kazi imekwisha. Mimi nasema kazi haijaanza.

Niruhusu nirudi kwa erithromisini, kwa kuwa ndiyo inayomjibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachunguzi wa Uingereza na Marekani walizisoma jeni zinazoitengeneza. Walikuta jeni tatu kubwa mno, zenye sehemu sita, kila sehemu ikifuatana na mwenzake kama mafundi sita waliokaa safu moja. Wa kwanza hupokea kipande chenye kaboni tatu, huongeza kingine cha kaboni tatu, humpa wa pili. Wa pili huongeza chake, humpa wa tatu. Wa sita akisha kuongeza, pana vipande saba na kaboni 21, nao mnyororo hufungwa ukawa pete. Mpangilio wa mafundi umeandikwa katika DNA kwa utaratibu ule ule wa kazi yao. Anayeujua utaratibu huo aweza kumwondoa fundi mmoja, au kumbadilisha, na pete itatoka kwa umbo jipya. Na jambo hilo limefanywa. Sasa niambie: hazina ilikuwa katika kijiko cha udongo wa Iloilo, au katika kuusoma? Haki ya Aguilar haifutiki kwa swali hilo. Lakini kama Iloilo ingalikuwa na watu watano wenye kujua kusoma walichokuwa nacho, asingalihitaji kuomba fungu katika mlango wa mtu.

Tena ulimwengu umekwisha kumpita mlinzi wa langoni. Jeni zikisha kusomwa, huandikwa kama barua ndefu na kutumwa kwa waya popote. Mtu akaaye Boston au Shanghai aweza kuagiza atengenezewe DNA ile, akaitia katika bakteria wake, bila hata chembe moja ya tope kuvuka mpaka. Lango lalindwa, na mali imepita hewani. Mataifa yameliona jambo hilo. Ndiyo maana mwaka 2024, katika mkutano wa Cali, Kolombia, yalikubaliana kuunda mfuko ambao makampuni yanayofaidika kwa maandishi hayo ya jeni yatarajiwa kuuchangia. Mfuko wenyewe ulizinduliwa mwaka 2025. Yatarajiwa, nasema. Anayengoja fungu lake katika matarajio ya wengine aendelee kungoja. Mimi ningependa wanafunzi wangu wawe na kazi nyingine ya kufanya.

Na isidhaniwe kuwa kazi hiyo haiwezekani hapa. Mjini Nairobi, katika taasisi ya ILRI, mashine za kusoma DNA zipo. Wakati wa korona, kuanzia mwaka 2020, urithi wa virusi vile ulisomwa Kilifi, na Wakenya, katika kituo cha KEMRI na Wellcome. Hata Shirika la Wanyamapori lilipofanya mapatano na kampuni ya Novozymes ya Denmark mwaka 2007, kufunzwa kwa Wakenya kulikuwa sehemu ya mapatano hayo. Milango iko wazi kidogo. Kinachokosekana ni msururu wa vijana wenye hamu ya kuingia, na hamu haiwezi kuota katika moyo uliofundishwa kuwa udongo ni fedheha.

Wako watakaoniambia kuwa nchi yenye njaa haina nafasi ya mambo haya. Nitawajibu kwa ufupi. Zile ngao nilizozitaja, jeni za kuwakinga watengenezaji na sumu zao, hazikubaki udongoni. Mwaka 1973 Raoul Benveniste na Julian Davies walionyesha kuwa vimeng'enya vya ngao katika Streptomyces vyafanana na vile vilivyowapa bakteria wa maradhi ukaidi mbele ya dawa. Mwaka 2006 wachunguzi wa Kanada walipima aina 480 za bakteria wa udongo kwa dawa 21. Kila mmoja alikuwa mkaidi kwa dawa kadhaa, kwa wastani saba au nane. Ghala la ngao limekuwapo tangu kale. Sisi ndio tunaozipandisha cheo kila tunaponunua vidonge vinne dukani bila cheti, tukameza viwili na kumpa jirani viwili. Mwaka 2019 ukaidi huo ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 1.27 duniani. Makampuni mengi makubwa yameacha kutafuta viuavijasumu vipya, kwa kuwa mgonjwa huvitumia siku chache akapona, na faida ni haba. Basi nani atavitafuta, kama si wale wanaougua zaidi? Na mwenye njaa akishikwa na homa ya mapafu, ukaidi wa bakteria wamngoja kwanza ashibe?

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu waliondoe jembe katika orodha ya adhabu. Mkosaji apewe kazi nyingine. Kuosha sufuria hakujamuua mtu. Na siku ya Ijumaa, darasa zima, wema na wakosaji, watoke na kijiko kimoja cha chuma kilichochemshwa. Wachote udongo kutoka mahali patatu: shambani kwenye samadi, chini ya mti wa kale, na ukingoni mwa mto. Udongo ukaushwe siku chache kivulini, kwa kuwa Streptomyces huvumilia ukavu kuliko wengi wa majirani zake. Kisha gramu moja itiwe katika maji yaliyochemshwa na kupoa, ipunguzwe makali mara kumi, mara mia, mara elfu, na tone la kila kimoja litandazwe katika sahani ya agari yenye wanga. Sahani ifungwe kwa utepe, iandikwe tarehe na mahali, iwekwe penye joto la nyuzi 28 hivi. Bakteria wa kawaida watatokea siku ya pili, wenye kung'aa kama kamasi. Wasiwavutie. Wangoje siku ya tano hata ya saba, ndipo waangalie, kwa kupitia kioo, madoa madogo makavu kama chokaa, yaliyong'ang'ania agari, mengine ya kijivu, mengine ya manjano, na pengine moja limezungukwa na duara tupu ambalo jirani hakuthubutu kulikanyaga. Walichore duara hilo katika madaftari yao na kulipima kwa rula. Sahani isifunguliwe na mwanafunzi kwa hali yoyote. Mwalimu mwenyewe aipike ndani ya sufuria ya mvuke kwa nusu saa kabla ya kuitupa.